Leni ya Ndani, Miguuni mwa Kanga

Kijiwe chetu kiko Lafiabugu, ubavuni mwa ukuta wa fundi viatu, mahali ambapo kivuli hufika mapema kuliko mshahara. Benchi moja, viti viwili vya kamba za plastiki, jiko la waya, birika la bluu lililochubuka mdomo. Chai yetu ina raundi tatu: ya kwanza inakukunja uso, ya pili inakukunjua, ya tatu ni sukari iliyoonyeshwa majani kwa mbali. Mwenye birika ni Injinia, fundi redio. Redio ikimshinda anasema kosa ni la kituo. Kiti cha heshima anakalia mzee Kanuni, aliyepiga mihuri mahakamani miaka mingi mpaka akadhani sheria zinatoka kwenye wino. Mimi wananiita Meya. Mimi na shule tuliachana darasa la sita, kwa amani kabisa, lakini Bamako naijua kwa tairi; nikiwa juu ya pikipiki yangu hata mbuzi wananipisha. Na Ijumaa hiyo alikuwepo Zumana Kone, dereva wa teksi ya manjano, kajiinamia kama mfiwa. Marehemu mwenyewe kaegeshwa mbele yetu: taa ya nyuma ya kulia imekuwa unga, buti limefunga mdomo upande.

Habari ilikuwa hivi. Asubuhi, kwenye kipilefti cha Kanga, Zumana alikuwa leni ya ndani kabisa, miguuni mwa yule ndege kanga wa zege. Akakata kwenda kulia ili atoke, mara akakanyaga breki kwa sababu ya mkokoteni wa punda, na mama mmoja mwenye Benzi kuukuu la kijani akamwingia nyuma. Trafiki akachukua leseni zote mbili. Akasema: "Mimi sikuona, nilikuwa nazozana na punda. Nendeni mkapatane nani mwenye kosa, mje kituoni kabla ya magharibi mniambie jina moja. Mkija na majina mawili, magari yote yanalala kwangu." Alhaji Bubakari, mwenye teksi, alipopata habari akatuma salamu fupi: kama kosa ni la Zumana, ufunguo auweke juu ya mkeka wake leo leo. Ana mpwa wake tayari, kanawa mikono, anasubiri usukani.

Kwa hiyo alasiri ile kazi yetu ilikuwa moja tu: kumfanya Zumana asiwe na kosa. Na kijiwe chetu, kwa kazi za namna hiyo, hakijawahi kumwangusha mtu. Huwa kinamzika kabisa.

Injinia alimimina raundi ya kwanza kutoka juu, kama anayemwagilia bustani.

Zumana: Mimi nawaambieni, yule mama hajui kuendesha. Kaniingia nyuma! Nyuma, jamani! Anayegonga nyuma ana haki gani?

Mimi: Ana haki ya kushangaa. Wewe umetoka leni ya ndani unakwenda kulia kama mtu aliyekumbuka kuacha sufuria jikoni.

Zumana: Sasa nitatokaje kama si kwa kukata? Ningeruka?

Mimi: Ungekaa leni ya nje tangu mwanzo, kaka.

Zumana: Leni ya nje! Leni ya nje kuna wauza maji, kuna mabasi yamesimama, kuna mbuzi wa yule bibi, kuna ninyi wa pikipiki mnaopita katikati ya gari na kioo chake. Leni ya nje si leni, ni mnada.

Kanuni: Ngojeni. Ngojeni, watoto. Mnabishana leni wakati leni hazipo.

Mimi: Hazipo vipi, mzee? Si walichora?

Kanuni: Walichora mwaka ule wa wageni wa serikali. Wageni wakaondoka, mvua ikaja, mistari ikawafuata wageni. Kisheria, pale ni uwanja. Mtu uwanjani anakwenda anakotaka.

Injinia: Ndiyo maana watu wanapiga mpira wa magari.

Kanuni: Nyamaza, mla kunde.

Injinia: Mzee, mambo ya kunde yanaingiaje kwenye barabara?

Kanuni: Wewe ni wa ukoo wa Kulibali. Kwa Kulibali kunde zinaingia kila mahali.

Tukacheka, na Injinia naye akacheka, maana hana namna. Kwetu utani wa koo hauna mlango wa kutokea. Kumwambia mtu anakula kunde ni kumwambia: wewe ni mtani wangu, mdogo wangu, mtumwa wa babu yangu. Anayeambiwa anakataa mpaka povu limtoke. Sote tunazila kunde, na jirani anasikia harufu; lakini mtu kukiri kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu? Hilo nilikuwa sijawahi kuliona, na mimi nimeona mengi.

Kanuni: Sasa sikilizeni sheria yenyewe. Anayetoka kulia apishwe. Ndiyo?

Zumana: Ndiyo.

Kanuni: Anayeingia kwenye kipilefti anatokea upande gani?

Zumana: Kulia.

Kanuni: Basi anayeingia apishwe na aliyemo. Ndivyo tulivyozoea, na ndivyo ilivyo adabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wewe uliyemo ndani ni mwenyeji. Simama, mkaribishe mgeni.

Mimi: Mzee, kama aliyemo anasimama kila mgeni anapoingia, na wageni wanatoka barabara tano, wenyeji watatoka lini?

Kanuni: Mwenyeji anatoka nyumbani kwake kwenda wapi?

Hapo akanywa chai yake kwa sauti, kama aliyepiga muhuri.

Mimi: Kwa hiyo kosa ni la nani?

Kanuni: La punda. Alikaribishwa vizuri, akazubaa mlangoni.

Zumana: Nikamwambie trafiki kosa ni la punda?

Kanuni: Jina moja kataka, jina moja unampelekea.

Zumana alishika kichwa. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye tangi la maji la jirani, na likilifika lile tangi huwa tunajua alasiri imeanza kuzeeka. Injinia akaongeza maji na sukari, akatikisa birika, akaanza raundi ya pili. Na Injinia akishika birika la pili, elimu humpanda.

Injinia: Ninyi mnazungumza adabu. Hili ni jambo la sayansi. Tazameni hapa.

Akachukua glasi, akakoroga chai kwa kijiti, majani yakazunguka yakajikusanya katikati.

Injinia: Mmeona? Kitu chepesi kinavutwa katikati. Teksi ya Zumana bati lake limeliwa na kutu, nyepesi kama sinia. Hakuchagua leni ya ndani. Alivutwa!

Mimi: Na Benzi la yule mama lilivutwa na nini? Lile ni zito kama mkwe.

Injinia: Limevutwa na teksi. Kitu kikizunguka kinatengeneza upepo nyuma yake. Haraka haraka haina baraka!

Mimi: Sasa hiyo methali inahusu nini hapa?

Injinia: Inahusu upepo.

Zumana: Injinia, nitamwambia trafiki nilivutwa?

Injinia: Mwambie, na ubebe hii glasi kama kielelezo. Lakini urudishe, ni tatu tu.

Mimi nikaona hawa wazee wa akili watamzika mwenzangu kabla ya magharibi. Nikasimama. Mimi nikizungumza nasimama, na nikisimama fundi viatu anaacha nyundo, hata kama yeye anasema huwa ni bahati mbaya tu.

Mimi: Sikilizeni, ninyi wa kutembea kwa miguu. Kipilefti hakitaki sheria wala sayansi, kinataka kifua. Mimi naingia pale macho mbele, shingo ngumu. Ukimtazama dereva mwenzako machoni umeshampa njia. Siri ni kutomtazama mtu. Wale wa leni ya ndani ndio waliotazama. Walitazamana wakapishana, wakapishana wakatazamana, wakajikuta miguuni mwa Kanga wanahesabu kucha zake.

Kanuni: Na wewe ulipovunjika kidole cha mguu pale mwaka jana, ulikuwa hujamtazama nani?

Mimi: Mzee, hilo lilikuwa jiwe.

Kanuni: Jiwe nalo halikukutazama. Mlikutana mashujaa wawili.

Zumana hakucheka. Alikuwa anautazama ufunguo wa teksi mkononi, ule wenye kipande cha ngozi alichokishona mwenyewe, anaugeuza hivi na hivi.

Zumana: Jamani, mnafanya mzaha. Nikiuweka huu kwenye mkeka wa Alhaji, kesho naamka nakwenda wapi? Mimi kazi nyingine siijui. Hata kulala nalala nimekunja mguu wa klachi.

Injinia akampa glasi ya raundi ya pili kabla ya mzee Kanuni, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na mzee akajifanya hakuona.

Kisha, kwa sababu hatuwezi kuvumilia huzuni, mambo yakaharibika zaidi.

Kanuni: Mimi naona tulitazame suala la Kanga mwenyewe.

Injinia: Eee! Nilikuwa nangoja mtu mzima aseme. Kwa nini kanga? Nani aliomba kanga? Mji mzima hakuna anayejua.

Kanuni: Pale chini palikuwa na mti wa majini. Waliukata, jini akakosa pa kukaa. Sasa anakaa ndani ya kanga. Na jini akikaa peke yake anapenda wageni.

Mimi: Kwa hiyo anawazungusha watu ili asiwe mpweke?

Kanuni: Wewe ulishawahi kumwona mtu aliyeingia leni ya ndani akatoka mara ya kwanza? Hata mmoja?

Tukafikiri. Kwa haki ya Mungu, hakuna.

Injinia: Na lile jicho la kushoto la Kanga limebanduka rangi. Anaona upande mmoja tu. Wa upande wa pili anawapoteza.

Kanuni: Basi kosa ni la jini.

Zumana: Mwanzo punda, kisha upepo, sasa jini! Mzee, jini ana leseni ya kunyang'anywa?

Kanuni: Asiyesikia la mkuu, huvunjika taa.

Ndipo Benzi la kijani likasimama pembeni ya teksi, bampa lake la mbele limening'inia kama mdomo wa chini wa mtu aliyenuna. Akashuka mama mmoja wa makamo, kitenge cha rangi ya embe, kilemba kimefungwa juu kama mnara. Zumana akaninong'oneza bila kutikisa midomo: "Ndiye." Nikajitengeneza kola.

Akasalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja, na watoto, na wazazi, na mpaka za fundi viatu. Nasi tukamjibu na kumuuliza za kwake, kwa sababu hata mtu akiwa amekugonga nyuma salamu haziruki. Mzee Kanuni akamwachia kiti. Injinia akamimina raundi ya tatu, ya mwisho, nusu glasi kila mtu kwa zamu, maana majani yalikuwa yamekata tamaa.

Mama: Naitwa Nyele. Nimeambiwa huku ndiko anakoshinda dereva wa teksi. Jua linakwenda, nikasema nisimngoje mtu anitafute. Mmeshajua kosa la nani?

Kanuni: Mama, tumelichunguza kwa kina.

Nyele: Enhe?

Kanuni: Kuna punda. Kuna upepo. Kuna jini.

Nyele akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayechagua samaki sokoni na hakuna anayemridhisha. Kisha akamgeukia Zumana.

Nyele: Kaka, nikuulize kitu kidogo tu. Pale asubuhi, ulikuwa unakwenda wapi?

Basi.

Alasiri nzima tumepima leni, tumekoroga chai, tumeamsha majini, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtu wetu alikuwa anakwenda wapi. Kanuni alimtazama Injinia. Injinia alitazama ndani ya birika. Mimi nilimtazama Zumana, na Zumana akatazama ufunguo.

Nyele: Ulikuwa na abiria?

Zumana: Nilikuwa naye. Mzee mmoja, anakwenda soko la mifugo.

Nyele: Sikumwona.

Zumana: Alishuka.

Nyele: Wapi?

Zumana: Mle mle. Tulizunguka, tukazunguka. Kila nikitaka kutoka, mgeni anaingia. Mzee akasema "mwanangu, Mungu akusaidie," akafungua mlango, akavuka kwa miguu na kuku wake wawili.

Nyele: Baada ya hapo ulikuwa mtupu.

Zumana: Mtupu.

Nyele: Unakwenda wapi sasa, mtupu?

Zumana: Nilikuwa... nilikuwa natoka tu, mama. Popote.

Mimi nilianza kucheka, nikajizuia, nikashindwa. Injinia chai ikampalia. Zumana akarusha mkono.

Zumana: Na wewe je? Wewe ulikuwa unakwenda wapi nyuma yangu?

Nyele alikunywa chai yake kidogo. Akaishika glasi kwa vidole viwili. Nikaona mabega yanaanza kumtetemeka.

Nyele: Mimi nilikuwa nakufuata wewe.

Zumana: Unanifuata mimi?

Nyele: Nilikuwa nimekwama mle tangu jua halijapata ukali. Nikaona teksi. Nikasema, dereva wa teksi hawezi kukosa kujua njia ya kutokea. Nikajishikiza nyuma yako. Ukienda, naenda. Ukizunguka, nazunguka. Nikasema huyu ana hesabu zake, anavizia.

Kile kicheko sijui nikieleze vipi. Fundi viatu alitoka na kiatu cha mtu mkononi kuja kuuliza nani kafa. Mzee Kanuni alivua kofia akajifutia machozi. Na Zumana naye, Mungu amsaidie, akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi, halafu akakumbuka Alhaji, uso ukamrudi ulivyokuwa.

Zumana: Mama, ni vichekesho kweli. Lakini trafiki anataka jina moja. Likiwa langu, gari naliacha leo.

Nyele: Na likiwa langu, mume wangu alishasema Benzi litauzwa vyuma. Unaitwa nani?

Zumana: Zumana.

Nyele: Ukoo, nauliza.

Zumana: Kone.

Nyele akaweka glasi chini polepole sana. Akasimama. Akashika kiuno.

Nyele: Kone! Siku nzima nimekosa amani, kumbe niliyemgonga ni Kone! Mimi ni Dembele, bwana! Nimegonga mali yangu mwenyewe!

Injinia: Yarabi! Watani!

Zumana: Dembele? Wewe? Ndiyo maana huwezi kuendesha! Akina Dembele mlizoea kupanda mbuzi! Na kunde zimekujaa mpaka machoni, huoni breki!

Nyele: Mtumwa wangu anasema! Jamani, tangu lini mtumwa akazungumza kabla hajafua?

Kijiwe kikapamba moto. Mzee Kanuni, ambaye mama yake ni wa kina Kone, akaingia upande wa Zumana. Injinia akaingia pande zote mbili, na zote zikamwita mla kunde. Lakini Nyele alikuwa ameshawaza mbele yetu sote. Akainua mkono.

Nyele: Sikilizeni. Mzee, wewe ulikuwa mahakamani. Mtumwa akivunja chungu cha watu, nani anaomba radhi?

Kanuni: Bwana wake.

Nyele: Basi kosa ni langu. Zumana ni mtumwa wa babu zangu, na mtumwa hana kosa lake mwenyewe. Alilolifanya nimelifanya mimi. Nitamwambia trafiki jina moja: Nyele Dembele. Mume wangu naye ni Kulibali, akiuza Benzi nitampikia kunde mwezi mzima, na atazila. Ufunguo wako unabaki mfukoni, kaka.

Zumana: Mama...

Nyele: Lakini! Sijitwishi mzigo wa mtu asiye wangu. Sema kwanza, hapa, mbele ya watu.

Zumana: Niseme nini?

Nyele: Unakijua.

Jamani, niliona mtu anapasuka katikati. Huku ufunguo, huku ukoo mzima wa Kone, walio hai na waliokwenda, wamesimama nyuma yake wamemshika shati. Fundi viatu aliita wateja wake. Muuza maandazi wa ng'ambo akavuka barabara na beseni kichwani. Jua lilikuwa limeshapita tangi la maji, linagusa paa.

Mimi: Sema, kaka! Maneno mawili tu!

Kanuni: Usiseme! Afadhali ukafuge sungura!

Injinia: Sema, mbona mimi naambiwa kila siku na sijafa!

Zumana akautazama ufunguo. Akatazama teksi yake yenye mdomo upande. Akafumba macho kama anayemeza kwinini.

Zumana: Ninakula kunde.

Nyele: Kwa sauti.

Zumana: NINAKULA KUNDE!

Mzee Kanuni alijifunika uso na kofia. Watu wakapiga makofi, muuza maandazi akapiga vigelegele, na Nyele akampa Zumana mkono, kisha akamkumbatia kama kaka yake wa tumbo moja. Sikucheka, niseme kweli. Nilicheka baadaye.

Nyele: Haya, twende kituoni kabla ya adhana. Kiko ng'ambo ya Kanga, siyo? Tuchukue gari moja. Tukifika pale kwenye kipilefti tunashika leni ipi?

Injinia akainua birika akalitikisa karibu na sikio lake, kana kwamba jibu limo humo. Halikuwa na hata tone. Zumana, dereva wa teksi tangu ana ndevu tatu, akajikuna shingo.

Zumana: Mama... tukitembea si tunafika?

Wakaondoka kwa miguu, Dembele mbele, Kone nyuma, wanatukanana kwa furaha mpaka wakapotea konani. Mimi nikasema haiwezekani mimi Meya nipitwe na waenda kwa miguu kwenda kushuhudia historia. Nikapiga kiki pikipiki, nikawapa Kanuni na Injinia vumbi langu, nikaingia kipilefti kifua mbele, macho mbele, sikumtazama mtu.

Niliwaona tena wakati adhana inaanza. Walikuwa wanashuka ngazi za kituo, leseni mikononi. Nikawapungia kutoka miguuni mwa Kanga. Nyele akamshika Zumana bega, akanionyesha kwa kidole, na sauti yake ikavuka barabara zote tano:

— We Meya! Unakwenda wapi?